Mnavyokufa Watu wa Ukoo Wenu

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko kuu la Singida, pale upepo unapokata kona na kumwaga vumbi kwenye vikombe vya watu bila kuomba radhi. Benchi lenyewe ni nguzo ya umeme. Ililetwa isimamishwe, watu wakapiga makofi, gari likaondoka, nguzo ikabaki imelala, na makalio yetu yameing'arisha kuliko meza ya mkuu wa wilaya. Mimi ni Mselemu, ila hapa naitwa Spoku, kwa sababu natengeneza baiskeli pembeni ya nguzo hiyo na ninaweza kusikiliza bila kuacha kazi. Mwisho wa kulia anakaa Antipasi, tunamwita Redio, na hatujawahi kuona betri zake zikiisha. Kushoto ni Abdulazizi, jina la kijiweni Ruksa. Zamani aliuza sukari na sabuni kwa mlango wa nyuma huku anatetemeka. Biashara ilipofunguliwa akahamia kwenye mitumba, na tangu hapo kila kitu kwake ni ruksa, hata ukimuuliza saa ngapi. Kahawa ni ya Idrissa, mtu wa maneno machache na birika kubwa. Asubuhi hiyo tulikuwa na furaha, na sioni sababu ya kuificha: Naftali alikuwa amerudi kutoka hospitali.

Naftali ni fundi cherehani. Hapa tunamwita Futi, maana futikamba haitoki shingoni mwake hata akienda kanisani. Mwezi uliopita alidondoka juu ya cherehani yake, akabebwa hajitambui, na sisi wengine tukaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Leo kaja kwa miguu yake, suruali kaikaza kwa kamba kwa jinsi alivyokonda. Idrissa akampa kikombe na kipande cha kashata. Futi akapokea kikombe, akarudisha kashata.

Redio: Kashata unaikataa? Jamani, huyu si yeye. Hospitali wametubadilishia mtu.

Futi: Ni mimi. Nina kisukari, bwana. Mimi na kashata ndiyo basi.

Ruksa: Basi kabisa?

Futi: Kabisa. Nina dawa, nina masharti ya chakula. Daktari kasema nikiyashika nitaishi, tena nitaishi vizuri tu.

Mimi: Sasa mbona umenuna kama mtu aliyepewa habari mbaya?

Futi: Kuna swali kaniuliza, Spoku, nimeshindwa kulijibu. Kaniuliza, kwenu nani aliwahi kuugua hivi? Baba? Babu? Anasema ugonjwa huu unapenda kutembea ndani ya ukoo, kwa hiyo ndugu na watoto wapimwe mapema, wasingoje kudondoka kama mimi.

Redio: Ukamjibu nini?

Futi: Nikamwambia baba alirogwa.

Redio: Na babu?

Futi: Nikamwambia na yeye alirogwa.

Ruksa: Shangazi je?

Futi: Shangazi alipitiwa na upepo mbaya akitoka kisimani. Yule daktari akavua miwani, akaniangalia, akaivaa tena. Akasema, nenda kwenu ukaulize vizuri, urudi uniambie.

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa aibu. Nikiulizwa babu yangu alikufa na nini, najua jibu moja tu: siku zake zilifika. Ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyeuliza zilifikaje. Mtu akishazikwa kwetu huku, ugonjwa wake unazikwa naye na juu yake tunashindilia udongo.

Ruksa: Sasa si uende kwenu Ihanja uwaulize wazee?

Futi: Wazee wameshajijibu. Baba mkubwa kaitisha kikao Jumamosi. Anasema, alianza baba yenu, sasa ni Naftali, na aliyefanya ni yule yule. Wanataka mama mdogo Lea afungashe, arudi kwao Issuna.

Idrissa: Mama mdogo ni yupi?

Futi: Mke mdogo wa marehemu baba. Mama yake Isaka, mdogo wangu, na wanaishi pamoja kule Ihanja. Baba alipoanza kuugua walisema kalishwa kitu na mke mdogo. Tangu tulipomzika, miaka inakaribia kumi, mimi kwa Isaka sijakanyaga. Tukikutana mnadani kila mtu anashika upande wake.

Mimi: Na wewe mwenyewe unaamini?

Futi akazungusha kikombe chake mkononi.

Futi: Nilikuwa naamini. Nilipozinduka kule wodini, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa yule mama. Sasa daktari kanitia shaka. Jumamosi wataniuliza mimi mgonjwa nasema nini. Nikinyamaza, mama wa watu anafukuzwa uzeeni. Nikimtetea, namtetea kwa lipi? Waliougua wote wako kaburini, siwezi kwenda kuwagongea.

Hapo ungetegemea watu wazima wenye akili wangekaa kimya kidogo. Lakini hapa ni kijiweni.

Redio: Sikilizeni, hii kitu mimi naijua. Miaka ile ya foleni mwili wa Mtanzania ulikaa bila sukari, ukazoea. Halafu ghafla milango imefunguliwa, sukari ya nje imejaa kila duka. Mwili ukawaza, hawa watu hawaaminiki, kesho wanaweza kufunga tena. Ukaanza kuficha. Umeficha wapi? Ndani ya damu.

Idrissa: Mwili unalangua?

Redio: Unalangua haswa! Kama Ruksa alivyokuwa.

Ruksa: Mimi sikulangua. Nilitunza. Na kama ni sukari, mbona mimi niliyelala juu ya magunia yake mzima? Tatizo ni unga wa yanga. Ule unga wa njano tuliopewa wakati wa njaa. Mnakumbuka ulivyokuwa mtamu-mtamu? Ugali gani mtamu? Umekaa tumboni miaka yote hiyo, sasa unachachuka.

Redio: Unga wa yanga tulikula wote.

Ruksa: Futi alikula zaidi. Alikuwa anakopa hata sahani ya mwenzake.

Redio: Basi niseme ukweli, na mtu asinikasirikie. Ni mitumba.

Ruksa: Nini?

Redio: Mitumba! Wazungu wanakula keki asubuhi mpaka jioni, jasho lao lina sukari. Makoti yao yanakuja, Ruksa anafungua robota, nani anayapunguza? Futi. Anashika pini mdomoni, anachomeka kwenye koti, anarudisha mdomoni. Kwa miaka yote hiyo kanyonya Wazungu wangapi?

Ruksa alisimama. Ruksa akisimama ujue kaguswa kwenye mfuko.

Ruksa: Mitumba yangu imepigwa dawa huko huko bandarini! Wewe hapo umevaa suruali ya nani? Ivue basi, mbele ya watu, kama inaambukiza!

Redio: Mimi siinyonyi suruali.

Na mimi, nisiseme uongo, sikutaka kupitwa. Nikaweka pampu chini, nikasema ni ziwa. Sisi watu wa Singida tunakaa kando ya maji ya chumvi, upepo unatupuliza chumvi usiku na mchana, kwa hiyo damu inatafuta sukari ili isawazishe. Nilijisikia vizuri sana kwa muda mfupi. Idrissa akauliza Ihanja kuna ziwa gani, nikarudi kwenye baiskeli yangu.

Futi: Mnafurahi. Endeleeni. Jumamosi mama wa watu anatolewa kwenye nyumba aliyoipiga udongo kwa mikono yake, na nyinyi mnabishania suruali.

Aliyasema bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyotuuma. Ruksa akakaa. Redio akatafuta kitu cha kuangalia upande wa sokoni. Tulikuwa tunampenda yule fundi, na tulikuwa hatuna cha kumpa zaidi ya upuuzi.

Ndipo akatokea mzee mmoja anatoka stendi, tenga la kuku begani, kofia imekaa upande. Alikuwa anapita zake. Alipomwona Futi akasimama katikati ya njia, akatua tenga, akashika kiuno.

Mzee: Ala! Huyu bado yupo?

Futi: Shikamoo, mzee Ignas.

Ignas: Marahaba. Na anaongea! Mmeniharibia kazi, jamani. Nimeambiwa kijana yuko mahututi, nikaacha mtama wangu, nikafanya mazoezi wiki nzima, kumbe anakunywa kahawa mjini!

Ruksa akakunja uso, maana si kila mtu wa mjini anayajua haya. Futi ndiye aliyetueleza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nikaona meno yake.

Futi: Msimshangae, huyu ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu. Mtu wetu akifa yeye anakuja msibani, anavaa koti la marehemu, anamwigiza mbele ya waombolezaji. Alivyotembea, alivyokula, alivyougua. Hata uwe na uchungu namna gani utacheka. Na hairuhusiwi mtu kumkasirikia.

Redio: Sasa wewe mzee ulishajiandaa kumwigiza Futi?

Ignas: Kabisa. Au mnataka muone? Mwenyewe yupo, atanisahihisha. Marehemu wengine hawanipi nafasi hiyo.

Shikamoo zikamwagika kwanza kutoka kila upande, maana heshima ni heshima hata kwa mtani. Kisha mzee akachukua kikombe kimoja na kusogea kwenye ndoo ambayo Idrissa anaoshea vikombe. Akajifanya anachota, anakunywa. Anachota, anakunywa. Akaangalia ndani ya ndoo kama mtu aliyeibiwa. Ghafla akashika suruali, akakimbia kwa hatua fupi mpaka nyuma ya ukuta, akarudi anapumua, akakaa, akashika tumbo, akainuka tena kwenye ndoo. Redio alikuwa ameshaegemea bega langu kwa kicheko. Mzee akakunywa tena, akakimbia tena. Safari hii akarudi anachechemea, akakaa chini, akainua mguu wake kwa mikono miwili, akapuliza kidole chake, akaufunga mguu kwa kitambaa cha kufikirika, akaufungua, akaunusa, akaanguka kwa nyuma. Kisha akainuka, akapapasa hewani, akaliinamia tenga la kuku. "Naftali mwanangu," akawaambia kuku, "mbona umenyamaza?"

Tulilia kwa kucheka. Hata Idrissa aliweka birika chini. Futi mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akapangusa macho.

Futi: Maji, sawa, ni mimi huyo. Kukimbia nje ni mimi mtupu, mke wangu alikuwa ananihurumia. Lakini mguu umeongeza chumvi, mzee. Mimi sina kidonda. Na macho yangu mazima.

Ignas: Ah, nisamehe, hapo nimeteleza. Mimi ulivyougua sikuona, niko Ihanja, wewe uko huku mjini. Nikasema niazime ya baba yako. Na ya baba yako, kwa sehemu kubwa, niliazima ya babu yako. Nyinyi watu wa ukoo huu mnakufa mtindo mmoja, kazi yangu kwenu rahisi mno.

Alisema hivyo akiwa anakung'uta vumbi kwenye suruali. Kicheko kikamwishia kila mtu mdomoni. Nilimwangalia Futi, naye alikuwa amesimama, na sikumbuki alisimama saa ngapi.

Futi: Rudia hapo, mzee.

Ignas: Wapi?

Futi: Baba alikuwa anakunywa maji hivyo?

Ignas: Mtungi mzima. Ulikuwa huku mjini na cherehani yako, unakuja sikukuu unaondoka. Mimi nilikuwa jirani. Alikula kama fisi na alikonda kama fimbo. Mwisho kidonda cha mguu kikagoma kupona, na macho yakamtupa.

Futi: Na babu?

Ignas: Babu yako ndiye mchezo wangu wa kwanza! Nilikuwa kijana, marehemu baba yangu ndiye aliyenisukuma mbele ya watu, akasema anza leo. Babu yako alikuwa hatoki bila kibuyu cha maji begani. Ngomani kibuyu, shambani kibuyu. Alipokojoa sisimizi walijaa. Mimi siku ile niliwaigiza mpaka sisimizi, wanaitana, wanaalikana. Wanawake waliokuwa wanalia walikaa chini kwa kicheko.

Mimi: Sisimizi, mzee? Una uhakika?

Ignas: Kijana, mtani hatungi. Ukitunga, watu hawacheki.

Futi alimkaribia, akamshika mkono, akauliza polepole, kama mtu anayepima kitambaa cha gharama.

Futi: Babu anakufa, mama mdogo Lea alikuwepo?

Ignas: Lea gani? Lea wa Issuna? Lea alikuwa mtoto kwao anachunga mbuzi! Baba yako mwenyewe alikuwa hajaoa hata mke wa kwanza. Wewe ulikuwa hujapangwa. Kwani vipi?

Futi akakaa chini kwenye nguzo, akafunika uso na ile futikamba yake, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa analia. Hatukumzuia. Idrissa akampa mzee Ignas kahawa na ile kashata aliyoikataa Futi. Ruksa, kwa sauti ya upole ambayo sikujua anayo, akamweleza mzee kila kitu: hospitali, swali la daktari, baba mkubwa, kikao cha Jumamosi.

Futi: Nilikuwepo msiba wa baba. Nilikuona, mzee, na ndoo yako na mguu wako. Nilicheka. Halafu nikaingia ndani walikokaa wazee, wakasema karogwa, nikaitikia kwa kichwa.

Ignas: Mlicheka wote. Mimi kazi yangu iliishia hapo.

Nikawaza jinsi tulivyo. Ndani tunakaa na sura nzito tunasema uongo, nje kwenye mzaha ukweli unachezwa wazi, na sisi tunaona huo ndio mzaha. Kama ni Ihanja peke yake sijui. Nadhani na kwetu ni hivyo hivyo.

Ruksa: Redio, mbona umezimika?

Redio: Nabadilisha betri. Lakini tusije tukawa madaktari wa nguzo. Futi ampelekee daktari maneno haya, yeye ndiye atakayejua.

Lilikuwa neno la kwanza la maana kutoka kwa Redio tangu tumfahamu, na tulimwambia hivyo.

Futi: Kwa daktari nitakwenda. Wasiwasi wangu ni Jumamosi. Baba mkubwa hawezi kumsikiliza daktari, na mimi atasema dawa zimenivuruga. Mzee Ignas, njoo kikaoni. Ucheze.

Ignas: Kuna mtu kafa?

Futi: Hakuna.

Ignas: Basi siwezi. Kumwigiza mtu pasipo msiba ni uchuro. Watanifukuza.

Futi: Usiniigize mimi. Mwigize babu, halafu mwigize baba, mmoja baada ya mwingine, uwaache wazee waangalie wenyewe. Wewe mtani, mzee. Baba mkubwa anaweza kumkasirikia kila mtu pale, wewe hawezi.

Ignas akavua kofia, akakuna kichwa. Nilimwona anacheza nafsini mwake, mkono mmoja unajisogeza kama umeshika kibuyu.

Ignas: Babu yako nimemsahau kidogo mwendo wake. Itabidi nimfanyie mazoezi.

Ruksa: Ruksa! Tena nakupa koti, mzee. Chagua robota unalotaka.

Redio: Asinyonye tu.

Kijiwe kikalipuka tena, na safari hii Futi alikuwa ndani ya kicheko pamoja nasi. Tukaanza kumpangia. Akishapona vizuri watoto wake wapimwe. Kuna zahanati mpya ya mtu binafsi inapima haraka, akasema Ruksa. Hospitali ya serikali wanapima vizuri zaidi, akasema Redio, na wakaanza kubishana. Ilikuwa raha kusikia. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunabishania mambo ya watu watakaoendelea kuishi.

Mzee Ignas alikuwa ameshainua tenga lake begani aende sokoni. Akapiga hatua mbili, akageuka.

Ignas: Na Isaka je? Yeye ndiye aliyechukua umbo la baba yenu, shingo ile ile. Anakunywa maji kiasi gani siku hizi?

Ruksa alimwangalia Futi. Sote tulimwangalia Futi.

Futi: Sijui. Mdogo wangu damu moja, na sijui.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda na kuku zake. Futi alibaki kidogo, kisha akamalizia kahawa, akarudisha kikombe kwa Idrissa, akaanza kukaza ile kamba ya suruali.

Mimi: Unakwenda wapi na hali hiyo? Kikao si Jumamosi?

Futi: Jumamosi ni ya wazee. Nikiwahi stendi napata gari la Ihanja sasa hivi.

Ruksa: Futi, miaka yote hiyo hujakanyaga pale. Utaanzaje? Utamwambia nini Isaka? Na yule mama utamwambia nini?

Futi: Sitamwambia kitu kwanza. Nitapiga hodi, nitakaa, nitamwomba mama mdogo maji, niyanywe kutoka mkononi mwake.